Bibi wa pichani ni mama wa kambo wa Lincoln, si mama mzazi

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu makala mliyoichapa majuzi juu ya utoto wa Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani. Nimeisoma mara mbili, kwa kuwa nilifundisha historia shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na habari za nyumba ile hazijanitoka. Mwandishi wenu anasema kwamba mtoto Abraham, baada ya kufiwa na mama yake, aliangukia mikononi mwa mama wa kambo “na maana yake tunaijua wenyewe”. Kwamba baba yake alikuwa mvivu aliyechukia vitabu. Na kwamba hata huo ubaba wenyewe una utata. Juu ya maneno hayo mmeweka picha ya bibi kizee mwenye kofia ya kitambaa kichwani, na chini yake mmeandika: Nancy Hanks, mama mzazi wa Lincoln.

Nancy Hanks alifariki tarehe 5 Oktoba 1818. Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa hadharani kule Ufaransa mwaka 1839, na kwa hiyo mama huyo hana picha. Bibi mliyemchapa ni Sarah Bush, mke wa pili wa Thomas Lincoln, yaani yule yule mama wa kambo ambaye makala inamsema vibaya. Mmemlaumu kwa maneno, na papo hapo mmemvika jina la mama mzazi. Sijui niseme mmemdhulumu au mmempa haki yake bila kukusudia.

Wala si ninyi wa kwanza kukosea. Mwezi Mei 1860, siku chache tu baada ya Lincoln kuteuliwa na chama chake kugombea urais, mzee mmoja wa mji wa Elizabethtown katika jimbo la Kentucky aitwaye Samuel Haycraft, karani wa mahakama aliyemfahamu Sarah Bush tangu zamani, alimwandikia akidhani kwamba huyo Sarah ndiye aliyemzaa. Lincoln alimjibu tarehe 28 Mei kwa adabu kwamba baba yake ni Thomas Lincoln kweli, na Sarah ni mke wa pili wa baba, lakini kuhusu mama amekosea, kwa kuwa mama yake aliitwa Nancy Hanks. Ikiwa karani wa mji aliwachanganya wanawake hao wawili wakati mmoja wao yu hai, ninyi nawasamehe. Lile la “maana yake tunaijua wenyewe” ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nianze na baba. Thomas Lincoln alikuwa mtoto mdogo mwaka 1786 pale baba yake, ambaye naye aliitwa Abraham, alipopigwa risasi akiwa shambani huko Kentucky na mtu wa kabila mojawapo la wenyeji waliokuwa wakiitetea nchi yao isitwaliwe na walowezi. Kaka mkubwa, Mordecai, alikimbilia bunduki ndani ya nyumba na kumpiga risasi mtu huyo alipokuwa amemkaribia mdogo wake. Sheria ya Virginia, iliyotawala Kentucky wakati huo, ilimpa mtoto wa kwanza wa kiume ardhi yote ya marehemu asiyeacha wosia. Mordecai akawa na mashamba, na Thomas akakua akizunguka kutafuta vibarua. Lincoln mwenyewe aliandika baadaye kwamba baba yake alikua bila elimu yoyote na hakuweza kuandika zaidi ya kutia sahihi ya jina lake kwa taabu. Watu wameyachukua maneno hayo na kumfanya Thomas kuwa mzembe. Lakini kijana huyo aliyenyimwa urithi alijifunza useremala, akanunua shamba la ekari 238 mwaka 1803 kabla hajaoa, akanunua jingine la Sinking Spring mwezi Desemba 1808, na akaitwa mara kadhaa kuketi katika baraza la wazee wa mahakama ya kaunti. Aliangushwa na hati za ardhi, si na uvivu. Mipaka ya Kentucky ilipimwa kwa kufuata miti, mawe na vijito, hati za watu wawili au watatu zikaangukia ardhi ile ile, na aliyekuwa na fedha ya wakili ndiye aliyebaki na shamba. Wasomaji wenye mashamba ya urithi yaliyopakana kwa mwembe na kijito hawahitaji kuelezwa zaidi. Thomas alipovuka mto Ohio kwenda Indiana mwishoni mwa mwaka 1816, sababu mojawapo, kwa kauli ya mwanawe, ilikuwa kuchukizwa na utumwa, lakini kubwa zaidi ilikuwa matatizo ya hati za ardhi. Huko Indiana, serikali kuu ilikuwa imepima viwanja kwa mistari iliyonyooka, na mtu alilipia ekari zake dola 2 kila moja na kupewa hati isiyo na mwenzake. Alianza kulipia ekari 160, uwezo ukapungua, akarudisha nusu, na mwaka 1827 akapata hati ya ekari 80 bila deni.

Sasa suala la nasaba, ambalo mwandishi wenu amelidokeza kwa jicho la pembeni. Zipo hapa habari mbili ambazo watu wamezisokota zikawa moja. Ya kwanza inamhusu Nancy. Wakili William Herndon, aliyekuwa mshirika wa Lincoln katika ofisi ya sheria, alieleza kwamba siku moja wakiwa safarini kwa gari la farasi, yapata mwaka 1850, Lincoln alimwambia kuwa mama yake alizaliwa nje ya ndoa, binti wa Lucy Hanks na bwana mmoja mkulima wa Virginia mwenye hali nzuri. Jina la bwana huyo halijathibitishwa hadi leo. Upande wa mama lakini umethibitika zaidi, kwa kuwa mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya vipimo vya DNA ile inayopita kwa wanawake peke yao, na vipimo hivyo vikaunganisha ukoo wa Nancy na wanawake wa Hanks, yaani Lucy na ndugu zake. Nancy alilelewa kwa miaka mingi na Elizabeth Sparrow, ndugu wa Lucy, pamoja na mume wake Thomas Sparrow.

Habari ya pili inamhusu Abraham mwenyewe, na hiyo ni uzushi. Maadui wa kisiasa na wapenda porojo walianza kutafuta hati ya ndoa ya wazazi wake katika kaunti ya Hardin, kwa sababu ndiko alikozaliwa, na walipoikosa wakasema hapakuwa na ndoa. Kutoka hapo baba wa bandia walizuka kama uyoga baada ya mvua, akiwemo bwana mmoja wa North Carolina, na hata mwanasiasa mashuhuri John C. Calhoun hakuachwa salama. Hati hiyo ilikuwapo muda wote katika kaunti nyingine, Washington, ambako Nancy aliishi kabla ya kuolewa. Ilionekana mwaka 1878 kwenye makaratasi ya mahakama ya mji wa Springfield, Kentucky, na inaonyesha kwamba mchungaji Jesse Head aliwafungisha ndoa Thomas Lincoln na Nancy Hanks tarehe 12 Juni 1806. Binti yao wa kwanza, Sarah, alizaliwa tarehe 10 Februari 1807, na Abraham tarehe 12 Februari 1809. Mdogo wao wa kiume, Thomas, alifariki akiwa mchanga. Lincoln aliuawa mwaka 1865, miaka 13 kabla karatasi ile haijapatikana. Kwa hiyo, Mhariri, “utata wa ubaba” ni utata wa watu waliofungua sanduku lisilo lenyewe.

Huko Indiana, karibu na kijito cha Little Pigeon, familia ilianza na kibanda kilicho wazi upande mmoja, moto ukiwaka mbele yake mchana na usiku, kisha ikajenga nyumba ya magogo. Msitu ulikuwa mnene, na Abraham alisema kwamba alipewa shoka mkononi akiwa bado mdogo na karibu hakuliweka chini hadi alipoingia mwaka wake wa 23. Siku chache kabla hajatimiza miaka minane, baba akiwa hayupo, kundi la bata mzinga wa porini lilisogea karibu na nyumba. Mtoto akaingiza mtutu wa bunduki kwenye ufa wa magogo akampiga mmoja, na tangu siku hiyo, kwa maneno yake, hakufyatua tena risasi kwa mnyama yeyote mkubwa kuliko huyo. Mwaka 1817 wakaja akina Sparrow, wale waliomlea Nancy, pamoja na kijana Dennis Hanks, binamu yake Nancy, ambaye naye alizaliwa nje ya ndoa na kulelewa na hao hao Sparrow.

Vuli ya mwaka uliofuata ukaingia ugonjwa wa maziwa. Ng’ombe walioachwa wajitafutie malisho msituni walikula mmea wa kivulini wenye maua meupe, sumu yake ikapita kwenye maziwa, na watu wakafa bila kujua chanzo. Mume na mke Sparrow walitangulia mwezi Septemba. Nancy, aliyekuwa akiwauguza, akawafuata akiwa na miaka 34. Thomas akapasua mbao za jeneza, na Dennis alisimulia kwamba Abraham, mwenye miaka tisa, alikaa akichonga misumari ya mti ya kulifungia jeneza la mama yake. Kazi zote za jikoni zilimwangukia Sarah mwenye miaka 11. Dennis anasema binti huyo alikuwa akikaa kando ya moto na kulia, hata wavulana wakaenda kumtafutia mtoto wa rakuni, mnyama mdogo wa msituni, na kobe ili wapate kumbembeleza. Nyumba yenye mjane wa kiume, mayatima wawili na kijana asiye na pa kwenda ilikaa hivyo kwa mwaka mzima na zaidi.

Ndipo Thomas akarudi Elizabethtown kumposa Sarah Bush, aliyekuwa mjane tangu mwaka 1816. Mume wake wa kwanza, Daniel Johnston, alikuwa mlinzi wa gereza la kaunti, naye alimwachia watoto watatu, Elizabeth, Matilda na John, na madeni. Haycraft, yule karani niliyemtaja, ndiye aliyesimulia posa ilivyokwenda: mwanamke alisema hana kipingamizi ila ana madeni madogo madogo asiyoweza kuolewa kabla hayajalipwa, Thomas akaomba orodha, akazunguka mjini kuyalipa jioni ile, na ndoa ikafungwa tarehe 2 Desemba 1819. Wakapakia gari la farasi kabati la droo, meza, viti, gurudumu la kusokotea nyuzi, matandiko, visu na vijiko, wakavuka mto na watoto watatu juu ya mizigo. Kwa Abraham na dada yake, waliozoea vigoda vya miguu mitatu, kabati lile lilikuwa ajabu.

Jambo la kwanza alilolifanya mama huyo lilikuwa kuwaosha watoto na kuwavalisha nguo alizokuja nazo, na alipoulizwa uzeeni alisema kwa kifupi kwamba baada ya hapo walionekana zaidi kama binadamu. Inaelezwa kwamba akamhimiza mume atandike sakafu ya mbao na kutia mlango na dirisha sawasawa. Yeye mwenyewe, nadhani kwa kumsitiri mume, alisema tu kwamba alikuta nyumba nzuri ya magogo, ya kuridhisha kiasi. Humo wakaishi watu wanane: mume na mke, watoto wawili wa Nancy, watatu wa Johnston, na Dennis. Wavulana walilala darini, wakipanda kwa vigingi vilivyopigwa ukutani. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba karibu kila mmoja pale alilelewa, kwa muda fulani, na mtu asiyemzaa, na neno la kambo halikuwa na makali tunayoyasikia katika hadithi zetu za jioni. Dennis akamwoa Elizabeth mwaka 1821, kwa hiyo mkwe wa Sarah Bush akawa binamu wa marehemu Nancy, ambaye Sarah alishika nafasi yake. Jaribu kuchora ukoo huo kwenye karatasi, Mhariri, utahitaji kifutio.

Mwezi Septemba 1865, miezi michache baada ya Lincoln kuuawa, Herndon alikwenda kumtembelea Sarah Bush katika kaunti ya Coles, Illinois, ambako familia ilikuwa imehamia. Bibi alikuwa na miaka 76. Maneno yake yaliandikwa na yamehifadhiwa, na kwa kuwa makala yenu haikuyagusa, nayaeleza kwa Kiswahili changu. Alisema Abraham hakuwahi kumjibu neno la ukali wala kumkunjia uso, na hakuwahi kukataa alichomtuma, jambo ambalo katika akina mama elfu ni vigumu kumpata mmoja anayeweza kulisema. Alisema akili yake, hiyo kidogo aliyokuwa nayo, na akili ya kijana yule zilikuwa kama zinatiririka katika mfereji mmoja. Kisha akasema hili, ambalo ningependa mwandishi wenu alisome polepole: nilikuwa na mwanangu John aliyelelewa pamoja na Abe, wote wawili walikuwa watoto wema, lakini sasa kwa kuwa wote ni marehemu, sina budi kusema kwamba Abe alikuwa mtoto bora kuliko wote niliowahi kuwaona au ninaotarajia kuwaona. Waswahili tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama huyu alikuwa mzazi wa John, na John alikuwa kaburini tangu mwaka 1854.

Katika mazungumzo hayo hayo aliigusa ile tuhuma yenu kwamba baba alichukia vitabu. Alisema mume wake, kwa kuwa aliujua mwenyewe upungufu wa kutosoma, alitaka wanawe wajifunze, na kwamba kwa kawaida hakumwondoa Abe kwenye kitabu ikiwa angeweza kuikwepa. Kazi aliifanya mwenyewe kwanza. Sitaki kumfanya Thomas malaika. Dennis alikumbuka makofi ambayo Abraham alipigwa na baba yake. Sheria na desturi zilimpa baba ujira wa mtoto hadi atimize miaka 21, na Abraham alikodishwa kwa majirani kupasua mbao na kulima, fedha zikaingia mfukoni mwa mzee. Hata dola 8 kwa mwezi alizolipwa mwaka 1828 kwa kupeleka mashua bapa ya mizigo New Orleans hazikuwa zake. Mwaka huo huo, mwezi Januari, dada yake Sarah alifariki katika uzazi akiwa na miaka 20. Kijana alipotoka nyumbani mwaka 1831 hakurudi kuishi. Thomas alipokuwa mahututi mwezi Januari 1851, Lincoln alimwandikia John akisema kwamba kama wangekutana sasa, yeye na baba yake, huenda ingekuwa uchungu zaidi kuliko furaha, na hakwenda hata mazikoni. Hilo ni baridi, na mimi silitetei. Miaka miwili baadaye, mtoto wake wa kiume wa nne alipozaliwa, alimpa jina la Thomas.

Kwa upande wa mama, mwenendo wake ulikuwa mwingine kabisa. Mwaka 1841 alinunua ekari 40 kwa dola 200 ili wazee waishi juu yake maisha yao yote. Thomas alipofariki, John akataka kuuza ardhi ahamie Missouri. Lincoln alimjibu mwezi Novemba 1851 kwa barua kali, akiuita mpango huo upumbavu na kusema kwamba ekari zile za mashariki atazishika kwa ajili ya Mama maadamu yu hai. Ameandika “Mama”, bila kuongeza neno. John ndiye aliyekuwa mtoto wa tumbo la mwanamke huyo, na ndiye aliyetaka kuuza. Mtoto wa kambo ndiye aliyezuia.

Tarehe 31 Januari 1861, akiwa rais mteule mwenye mambo mengi ya kupanga, alisafiri hadi kaunti ya Coles kumuaga. Bibi alilia, akasema anahofu kwamba maadui watamuua na hatamwona tena. Alifariki mwezi Aprili 1869, akazikwa kando ya Thomas katika makaburi ya Shiloh, na inasimuliwa kwamba alivishwa gauni jeusi ambalo Abraham alimletea katika ziara ile.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Katika toleo lijalo, ichapeni tena picha ile ile, kwa ukubwa ule ule, na chini yake andikeni: Sarah Bush Lincoln, mama wa kambo wa Abraham Lincoln.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga.